Jenerali Ashuka Kunywa Kahawa

Saa moja na robo asubuhi ya Siku ya Mashujaa, Odessa Tull alikuwa akigeuza mayai mkahawani kwake, katika mji wa Kivuko cha Worley, Tennessee, Jenerali Worley alipoingia na kuomba kahawa. Jenerali alikuwa wa shaba, na kwa miaka mia moja na kumi alikuwa amekaa juu ya farasi wake katikati ya uwanja. Kiti kililalamika kidogo.

"Farasi umemwacha wapi?" Odessa aliuliza.

"Anakula mashada ya maua."

"Ya kamati ya sherehe hayo. Sukari?"

"Vijiko viwili."

Alipomaliza kikombe, alichonyweshwa na Odessa, jenerali alisema kwamba siku ile ya mwaka 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, hakukaribia kivuko anachosifiwa kwa kukishika. Alikuwa kilimani, amechutama kichakani kwa kuhara, darubini mkononi, na aliona vizuri kabisa. Waliokishika kivuko ni askari weusi, wakiongozwa na Sajini Ezra Tull, aliyefia majini.

Odessa alizima jiko. Ezra alikuwa babu wa babu yake. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akiomba jina hilo lisomwe pamoja na yale arobaini na moja ya mashujaa, na kila mwaka kamati ilidai shahidi aliyeona kwa macho.

Wakaenda uwanjani. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Heddle, alikuwa akipanga viti.

"Karibu, Jenerali. Ungetuarifu tungekuwekea mwavuli."

Alisikiliza yote, hata habari za kichaka.

"Ushahidi mzuri sana. Tia sahihi hapa."

Mkono wa kulia wa jenerali ulikuwa umeshika upanga, wa kushoto kipande cha hatamu. Ndivyo fundi alivyomsubu kwa shaba, vidole havikufunguka. Odessa akaleta wino wa kupaka dole gumba. Dole likaacha doa laini, kwa sababu fundi hakujisumbua kuchora mistari.

"Hili laweza kuwa la kijiko," alisema Bwana Heddle.

"Kwani mwenyewe humwoni?"

"Namwona, Bi Odessa. Fomu ndiyo haimwoni. Jenerali, panda, saa nne inakaribia."

Jenerali alikuwa askari, akatii. Ila alipanda kinyume, uso kwenye mkia, akitazama mto. Kamati ilijadili jambo hilo kwa dakika mbili, kisha ikahamishia viti upande wa pili.

Mama yake Odessa, Bi Lavinia, mwenye miaka tisini na miwili, aliketi mstari wa mbele, kifaa cha kusikia amekiongeza hadi mwisho. Yakasomwa majina arobaini na moja, la kwanza Worley. Tarumbeta ya kufunga sherehe ikalia.

"Wamemsoma Ezra?"

"Bado, Mama."

Bi Lavinia akakitoa kifaa sikioni, akakizima ili betri isiishe, akakitia mkobani. Mbele yao farasi alikuwa amebakiza shada moja.