Malkia Juu ya Mawingu

Augustin alimwambia mkewe asiende kwa mchoraji mpaka yeye arudi kutoka Lubumbashi. "Nataka kukushtukiza, chérie. Usiniharibie."

Alimkumbusha mara ya pili, halafu ya tatu. Hapo Kethia akaingiwa na shaka, akaenda.

Ukumbi wa sherehe waliokuwa wakiujenga Lubumbashi ulitokana na jasho lake, miaka ya kugombania nguo za jumla kwenye soko la Shisanhang, China, huku mume akikaa ofisini katika jengo la Tianxiu. Sasa Augustin alitaka dari yake ichorwe maisha ya mkewe, kama wafalme wa Ulaya walivyowatukuza malkia wao zamani.

Mchoraji, mzee Liang, alimletea rasimu ya rangi ya mafuta juu ya ubao mdogo. Kethia akajiona mtoto mchanga, akajiona bibi harusi, akajiona kati ya marobota ya nguo, malaika wakimpulizia tarumbeta. Machozi yakamlengalenga. Kisha akatazama juu zaidi. Alikuwa amelala mawinguni, macho yamefumbwa, mkono wake ukiachia funguo. Chini, ubavuni mwa Augustin, msichana amekinga viganja azipokee.

"Mbona nimefumba macho?"

"Malkia amefika mbinguni," Liang alisema kwa Kiingereza cha sokoni. "Michoro ya zamani iliishia hivyo."

"Na huyu wa funguo?"

"Simjui. Laoban ndiye aliyetuma picha." Yaani bosi, Augustin.

Akamwonyesha kwenye simu. Alikuwa Agape, karani wa duka lao la Lubumbashi. Nyuma yake yalining'inia mapazia ya chumba cha kulala cha Kethia.

Alimpigia mumewe palepale.

"Ah, chérie, mchoraji alihitaji sura yoyote tu ya kijana."

"Ukaenda kuipigia picha chumbani kwangu?"

"Mtandao mbaya," Augustin akasema. "Nitakupigia."

Hakupiga. Kethia akamtafuta Loïc, mdogo wake, aliyekuwa na funguo za akiba za nyumba yao ya Lubumbashi, akamwomba apite kutazama. Akangoja kwenye kigoda cha mchoraji, simu mkononi, chai aliyopewa ikipoa.

Loïc akapiga. "Yaya Kethia," alivyomwita dada yake siku zote, "funguo zangu hazifungui. Wamebadilisha vitasa. Halafu mlinzi mpya ananiambia mama mwenye nyumba alishafariki China."

Kethia akasimama. "Umemjibu nini?"

"Nimemwambia ni uongo, hakunifungulia."

"Baki hapo getini. Waite majirani wote wanaonijua, niwasalimie kwa video, wanione."

Liang aliuliza kama aendelee na dari. Kethia akamkatalia. Aliwasalimia majirani mmoja mmoja kwa majina, mama mmoja akapiga kelele na kulia, kwa kuwa alikuwa ameshatoa rambirambi. Kisha Kethia akashuka kwenye metro kuelekea uwanja wa ndege wa Baiyun, bila begi, kutafuta ndege ya kwanza ya kumfikisha nyumbani.