Mji Nilioutoa kwa Mzaha

Wewe unayenisikiliza, umewahi kutegewa kitendawili, ukashindwa, ukatoa mji, kisha ukamwona aliyepewa anakuja kuuchukua kweli? Mimi naona anakuja, na mchana ni mweupe, na sijui nimelala tangu saa ngapi. Ninachojua ni kwamba nipo ukumbini kwangu, ungo wa choroko mapajani, mchanga nauweka huku, zilizotobolewa na wadudu nazitupa kule, redio iko juu ya kabati, chini yake kitambaa nilichofuma mwenyewe, kona moja imefumuka. Ndani ya redio wabunge wanagombana. Kesho wanapiga kura ya kumwondoa Rais madarakani, maana kuna watu walimwuliza maswali hadharani na hawajaonekana tena, na mahakama ilipoagiza waletwe, yeye akaagiza mahakama ifungwe. Mjukuu wangu Nakijwa amekaa kizingitini, kanipa mgongo, anamenya viazi. Bibi, anauliza, hivi kosa gani linatosha kumng'oa rais? Mwalimu wa uraia anataka kila mtu aende na jibu lake. Mimi jibu nahisi ninalo, liko hapa kooni, lakini jirani anapita na ukuta una masikio, nami nimeishia darasa la nne, kwa hiyo namjibu kama tunavyojibizana kwenye vitendawili: nimeshindwa mama, chukua mji. Mji gani, bibi? Chukua huu huu wetu. Anacheka, nami nacheka, halafu choroko moja inaruka kutoka kwenye ungo, inabingirika, inapita chini ya kizingiti, nami nainama kuifuata, nainama zaidi, nainama mpaka napita, na kule nje si nje ninakokujua.

Barabara ni nyekundu kama yetu, lakini haiishi. Inapanda, inajikunja, inarudi, na kila ikirudi inanifikisha kwenye duka lile lile la mafuta ya taa, na mbele yake kuna duka jingine lile lile linalolitazama, na kanisa linatazama kanisa, msikiti unatazama msikiti, kana kwamba mtu kausimamisha mji mbele ya kioo akaondoka. Juu ya kila mlango kuna picha ya Rais, huku wanamwita Mkuu. Anatabasamu. Nikisogea, macho ya picha yananifuata. Nikisimama, tabasamu linapanuka kidogo. Pembeni ya barabara mama mmoja anakaanga vitumbua, kikaango chake kina kutu ukingoni kama changu, khanga yake kaifunga kwapani kama ninavyofunga, nami nafurahi kumpata mtu, namwamkia, habari za kazi mwenzangu, naye anainua kichwa na chini ya pua yake hakuna kitu. Ngozi tupu, laini, kama mdomo haukuwahi kupita hapo. Sauti inamtokea kifuani. Usiogope bibi, anasema, mdomo nilikuwa nao mzuri tu, nikauweka akiba niutumie siku ya maana. Siku ya maana ilipofika nikauona umeota ngozi. Na kifua kinacheka, he he he, vitumbua vinageuka vyenyewe kwenye mafuta. Namwuliza, huu ni mji gani? Anasema, kwani wewe umeutoa hujui ulichotoa? Geuka utazame. Nageuka, naona mnazi wangu mfupi usiozaa, naona kamba yangu ya kuanikia nguo, naona kwa mbali kabisa mgongo wa Nakijwa kizingitini, mdogo kama kidole gumba, anamenya viazi.

Natembea kuelekea kwake na barabara inanipeleka kwingine. Sasa kuna mtu mrefu ananitangulia, sikumwona akija, na anapogeuka uso wake hauna hata pua, ni kama ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mchanga. Namwambia, mwanangu, nifikishe nyumbani. Anasema, kitendawili. Naogopa kusema tega. Lakini mdomo umezoea, unasema wenyewe, tega. Mgeni wangu nilimkaribisha mwenyewe, sasa mimi ndiye nabisha hodi. Nasimama katikati ya barabara nawaza, mgeni niliyemkaribisha, nikampa kiti, nikampa funguo, sasa nagonga mlango wa nyumba yangu na haufunguliwi. Nasema, ni kiongozi. Uso wa kibuyu unatikisika, sijui ni ndiyo au ni hapana. Umepata kile kidogo, anasema, kikubwa bado. Kikubwa ni kile cha mjukuu wako, ulikishindwa ukatoa mji, na kanuni unaijua. Naijua, ndiyo. Aliyepewa mji huutembea kwanza, akasifu alivyokaribishwa, nimekwenda mji wako nimekula wali, nimelala kitanda cha samadari, halafu ndipo anatoa jibu lake, na akishalitoa limetoka, hakuna jingine. Mjukuu wako alicheka tu hakuuchukua, kwa hiyo Mkuu kauokota, anautembea, anasema yule mrefu. Ameshakula. Ameshasifu. Bado nyumba moja. Akifika hapo atalisema jibu lake yeye, kwamba hakuna kosa linalotosha, na ndivyo itakavyokuwa, na kila mtu kwenye mji huo atakuwa na uso kama wangu. Namwuliza, na wewe mji wako uliutoa lini? Anasema, sikuutoa bibi, mimi nilisubiri mwenzangu aseme kwanza.

Nakimbia. Mimi na goti langu hili la kushoto nakimbia, na njia inajaa watu, wote nyuso zimefutika nusu, huyu kabaki na jicho, yule kabaki na sikio, na wanabishana kwa vifua, vuu vuu vuu kama nyuki kwenye mzinga. Mmoja anasema ang'olewe, mimi hata sauti yake siipendi. Mwingine anasema ang'olewe kwa sababu sukari imepanda. Mwingine anasema hang'olewi, ni wa kwetu. Nasema jamani, sauti yake si kosa, na sukari mnamsubiri kwenye kura, na wa kwenu ni wa kwenu hata akirudi nyumbani. Hee, wanasema, huyu bibi ana mdomo! Wewe ni mwanasheria? Umesomea wapi? Nasema nimesomea bwawani. Na nikilitaja bwawa, bwawa linakuja, barabara inalowa, naliona bwawa la kwetu milimani nilikozaliwa, lile la kukinga maji ya mashamba, kuta za udongo na mawe, magugu maji ukingoni, tundu la kutolea maji limezibwa kwa kizibo cha mgomba, na mlinzi amesimama na ile fimbo ndefu ya kuzibulia. Fimbo ni ya kijiji. Siku anapopewa, anaipokea kwa mikono miwili mbele ya wote na anasema, nimepokea fimbo, maji ni yenu. Namwona Mzee Sekimweri, mlinzi wa utotoni mwangu, aliyezibua vibaya ukuta ukabomoka, mahindi ya watu yakaenda na maji. Watu wakamtukana mpaka akalia, lakini asubuhi wote wako bwawani na majembe wanajenga naye, maana alikosea na akasema nimekosea. Hakuna aliyemwomba airudishe fimbo. Halafu namwona Mzee Kajiru aliyemfuata, mtu nadhifu, ukuta wake haukuvuja hata tone, lakini mwanamke akimwuliza mbona zamu yangu imerukwa, shamba la yule mwanamke halioni maji tena, na wazee wakimwita kwenye kikao haendi, anasema kikao ni mimi. Namwona mama yangu Namcheja anapanda ukingoni na wanawake wenzake, hawana panga wala jiwe, ananyoosha mikono miwili na kusema, mwanangu, tunaomba fimbo yetu. Hivyo tu. Na ikiombwa hivyo, mbele ya wote, kwa sababu iliyotajwa, hainyimwi. Jibu ndilo hili! Nawageukia watu niwaambie, nao hawapo, na bwawa limekauka, na nimesimama uani kwangu.

Mkuu yuko pale. Kavaa suti ya kijivu, viatu havina vumbi hata kidogo, katika barabara yote ile nyekundu. Amesimama nyuma ya Nakijwa aliyeinamia viazi vyake. Shikamoo bibi, ananiambia, kwa sauti nzuri, ya kulelewa, na hilo ndilo linanitia baridi kuliko yote. Mji wako mtamu. Watu wako wakarimu, hawaulizi kitu. Mimi pia nimechoka bibi, unafikiri ni raha? Nani hajakosea? Wewe hujawahi kuunguza wali? Nataka kumwambia, baba, wali hauunguzwi kwa makusudi ili aliyeuliza alale njaa. Nataka kumwambia, nyoosha mikono, tunaomba fimbo yetu. Nafungua mdomo na mdomo haufunguki. Napeleka vidole, nagusa midomo, inateleza, inayeyuka kama mafuta ya nazi juani, pembe moja imeshaungana na shavu. Mkuu anatabasamu kama kwenye picha. Nimekula, anasema, nimelala, nimekaribishwa, sasa jibu. Na anaushusha mkono, polepole, pete inang'aa, anaushusha kwenye bega la mjukuu wangu, na Nakijwa anaanza kugeuka ili amwone aliyemgusa, naona ncha ya sikio, naona mwanzo wa shavu, laini, laini mno, na mimi napiga kelele ambayo haina pa kutokea.

Ungo umeanguka. Choroko zimetawanyika sakafuni, mchanga na nzima na zilizotobolewa zote pamoja. Redio inasema wabunge wameahirisha mpaka kesho asubuhi. Jua limesogea, limeshika mguu wa kabati. Kitambaa kipo, nakitazama haraka ile kona iliyofumuka, na kona iliyofumuka iko upande wa kulia, nami nakumbuka kabisa kwamba ilikuwa kushoto, au ni kushoto nilipokuwa nimekaa vile, sijui. Nagusa mdomo. Upo, lakini mkavu, unanata. Nakijwa yuko kizingitini, kanipa mgongo, anamenya viazi. Bibi umelala wewe, anasema, umekoroma kama gari la mkaa. Sauti ni yake. Lakini sauti inatoka wapi, mdomoni au kifuani? Nje kuna viatu vinatembea barabarani, taratibu, vya mtu asiye na haraka. Huenda ni jirani. Nakijwa anaweka kisu chini, anaanza kugeuka.

Usigeuke kwanza, mjukuu wangu, kaa hivyo hivyo unisikilize. Mji wangu naurudisha, sikuutoa, nilitania. Jibu ninalo na nilikuwa nalo tangu ulipouliza. Akikosea na akasema nimekosea, tunachukua majembe tunajenga naye. Ukiwa humpendi, subiri kura. Lakini siku anapowakatia maji wanaomwuliza, akaitwa kwenye kikao akasema kikao ni mimi, siku hiyo fimbo ameshaifanya yake, na asisubiriwe hata mvua moja. Aombwe mchana, mbele ya wote, kwa sababu iliyotajwa. Na kama huko barabarani ni yeye anayepita, vizuri, asikie: baba, nyoosha mikono, tunaomba fimbo yetu.