Kanini wa Nani

"Useme 'msaidizi wake,'" Muthama alimwambia Mulinge kando ya kaburi la Kalekye. "Kanini alikuwa msaidizi wake Kalekye. Basi."

Mulinge, mwalimu wa Kiswahili hapo Ikutha, ndiye aliyeombwa kuongoza mazishi. Alihamisha maikrofoni kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Ukweli ulijulikana na wote. Kalekye, mjane asiye na mtoto, alimlipia Kanini mahari ya mbuzi, akamwoa kwa desturi ya iweto ili nyumba ya marehemu mumewe ipate watoto. Humo akazaliwa Nzomo. Muthama, shemeji yake Kalekye, alikula nyama ya mahari ile. Sasa alikuwa mzee wa kanisa, na shamba la Kalekye lilipakana na lake.

"Mzee, alikuwa mke wake."

"Tangu lini mwanamke akawa na mke? Mwalimu, usituaibishe. Pasta yuko hapo."

"Basi niseme 'Kanini wetu.'"

Kanini alikuwa nyuma yao, akifunga na kufungua fundo la leso. "Usiniite wenu. Nikiwa wenu, shamba nalo litakuwa lenu, na Nzomo wangu atakuwa mgeni hapa. Mimi nina mwenyewe. Yumo ndani ya hilo sanduku."

"Huyu naye!" Muthama aliguna. "Ni kama redio isiyozimika."

Jeneza likateremshwa. Udongo wa kwanza hutupwa na watu wa nyumba ya marehemu, na ni Mulinge aliyepaswa kuwaita. Alimtazama Muthama, kisha Kanini, maikrofoni ikiwa chini. Waombolezaji wakaanza kunong'ona. Pasta akatazama saa. Muthama hakuvumilia, alinyakua jembe na kuangaza macho huku na huku.

"Baba!" aliita. "Baba, mbona umesimama mbali? Njoo uanze."

Nzomo, fundi wa magari kule Makindu, akasogea. Muthama alimwita hivyo tangu utotoni, kwa kuwa kijana huyo alipewa jina la baba yake Muthama, na jina hilo halipewi mtoto wa nje ya ukoo.

"Umemwita nani, mzee?" Kanini aliuliza.

Jembe lilikuwa tayari mikononi mwa Nzomo.

Mulinge akainua maikrofoni. "Mke wa Kalekye, Kanini," alisema, "na mwana wao, Nzomo."

Kanini hakungoja jembe. Aliinama, akachota udongo kwa mkono, akautupa kabla mtu hajasema lingine.