Friji ya Jirani

Asubuhi ile Msusi aliamua kuwa maskini, na ilibidi awe maskini kabla ya saa nne, kwa sababu saa nne ndipo mkaguzi wa posho alipotarajiwa kufika.

"Nyanyua huko, usiburute!" alimfokea binti yake. "Ukikwaruza sakafu ataona ilikopita."

Friji ilikuwa imekwama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Binti alikuwa ameinama upande wa chini, jasho linamtiririka, uso ameukunja kama aliyeonja dawa. Makochi yalikwisha kutoka. Runinga nayo ilikwisha kutoka, imefunikwa shuka kama mgonjwa.

Binti huyo alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha ufundi, akisomea ushonaji. Chuo kilikuwa kimeanza kutoa posho ya kila wiki, nauli na chakula cha mchana, lakini si kwa kila mwanafunzi. Ilikuwa kwa wale ambao kwao hali ni ngumu, na ugumu wenyewe lazima mkaguzi aje auone kwa macho yake. Na kweli hali ilikuwa ngumu. Lori alilokuwa akiendesha mume wa Msusi lilikuwa limelala gereji mji wa mbali tangu masika, na mwenyewe yuko huko huko akimngoja tajiri wake anunue injini. Hela haikuja. Mikono ya Msusi ndiyo iliyowalisha, na wateja nao siku hizi walikuwa wanasuka kwa ahadi. Lakini vile vitu vilivyonunuliwa enzi za neema vilikuwa bado vimejaa chumbani, vinang'aa, vinamuumbua. Ndani ya friji yenyewe mlikuwa na chupa za maji na kitunguu.

"Kwani mkaguzi atafungua ahesabu vitunguu?" Msusi alikuwa amemuuliza binti yake jana yake. "Ataona friji, ataandika hawa wanajiweza, basi, imetoka hiyo."

Hapo, tuseme ukweli, hakuwa amekosea sana. Mtu huwezi kuitafuna friji. Alikokosea ni kwa Dobi.

Dobi alikaa chumba cha pili katika nyumba hiyo hiyo ya kupanga, ukuta kwa ukuta. Alikuwa mjane, anafua na kupiga pasi nguo za watu, mpole mpaka ukikaa naye unasahau kama yupo. Mwanawe alisomea ufundi bomba katika chuo kile kile, na kila siku alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Msusi alipoingia kwake na kochi la kwanza, Dobi alikuwa anafagia.

"Mwenzangu, nisitiri kidogo," Msusi alisema, kochi limeshapita mlangoni. "Mpaka mchana tu."

"Sawa, dada, lakini leo mimi nina—"

"Hakuna lakini! Nitakusuka bure mwezi mzima. Hebu sogeza hilo beseni."

Dobi akasogeza beseni. Baadaye akasogeza na kitanda. Walipomaliza, chumba kilichokuwa na kitanda, pasi ya mkaa na marundo ya nguo za watu kilikuwa kimegeuka sebule ya mheshimiwa, na Dobi mwenyewe amesimama pembeni, fagio mkononi, hajui akae wapi. Alifungua mdomo tena. Msusi alikuwa keshageuka anakimbilia kwake kubadilisha nguo.

Mkaguzi alifika. Alikuwa mama wa makamo, viatu vimejaa vumbi, begi linamvuta bega. Alimkuta Msusi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa gauni lililopauka ambalo kwa kawaida hulitumia kupigia deki.

"Karibu, mama. Ndiyo hivyo unavyotuona," Msusi alisema, sauti ameilegeza kama mtu aliyetoka kuugua. "Hata kiti cha kumkaribishia mgeni hatuna."

"Usijali. Mnaishi wangapi?"

"Wawili, na baba yake ambaye kazi hana. Siku nyingine tunakunywa maji tunalala."

Alitia chumvi, kisha akaongeza. Akaeleza kifua kinachombana, ambacho hakikuwahi kumbana. Akajifuta macho. Binti alikuwa amesimama karibu na dirisha, anaangalia vidole vyake vya miguu, na kila alipoulizwa swali alijibu "ndiyo" kwa sauti ambayo ungeweza kuifunika kwa kiganja. Mkaguzi alidhani ni njaa. Alimgusa bega akamwambia ajitahidi na masomo.

"Poleni sana," alisema mwishowe. "Kwa nilivyoona, ombi lenu nitalipitisha. Mje ofisini kesho mweke sahihi."

Msusi alimsindikiza mpaka mlangoni, meno yote nje, akasahau hata kwamba kifua kinambana. Ila mkaguzi hakwenda getini. Aligeuka upande wa pili, akagonga mlango wa Dobi.

"Hodi hapa! Ndipo kwa yule kijana wa ufundi bomba?"

Msusi alirudi ndani, akafunga mlango polepole, akakaa juu ya ndoo yake.

Ukuta kati ya vyumba vile ulikuwa ubao mtupu, ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Walisikia viatu vikivuliwa. Mkaguzi hakuvua viatu alipoingia kwa Msusi. Kwa Dobi alivua, kwa sababu ya zulia, ambalo lilikuwa la Msusi.

"Ehee," sauti ya mkaguzi ilisema. "Ombi la kijana wako linasema unafua nguo za watu, na huna kipato kingine."

"Ndiyo, mama."

"Na hii friji?"

Msusi alikuwa ameshika magoti yake. Sema, alimwambia Dobi moyoni. Kisha papo hapo, Mungu amsamehe, akamwambia usiseme.

"Friji ni ya nani, mama?"

"Yangu," Dobi alisema.

"Na runinga? Na makochi haya?"

"Ni vyangu."

"Sikiliza, mama. Mimi sikulaumu kwa kuwa navyo. Lakini posho hii ni ya watoto wasio na kitu kabisa. Hapo jirani nimetoka sasa hivi, hawana hata kiti. Unaona mwenyewe."

"Naona."

Binti aliondoka pale dirishani, akaenda moja kwa moja kwenye mlango na kushika kitasa. Msusi aliruka kutoka juu ya ndoo akamkamata mkono. Alimkamata kwa nguvu, vidole vile vilivyozoea kuvuta nywele za watu vikamzama mwanawe kwenye ngozi.

"Mama, niache."

"Nyamaza!"

"Mama, yule hana kitu. Mwanawe anatembea kwa miguu!"

"Nimesema nyamaza."

Wakabaki hivyo, mama na mwana, wakisikiliza viatu vikivaliwa, mlango ukifunguliwa, hatua zikivuka ua, geti likilia. Hapo ndipo Msusi alipomwachia. Alama za vidole zilikuwa zimebaki kwenye mkono wa binti, na binti alizitazama, kisha akamtazama mama yake. Msusi alikuwa ameshatazamwa vibaya na wenye nyumba, na wateja, na mawifi. Hakuwahi kutazamwa vile. Alitamani amfokee, maana kufoka angalau alikujua, lakini aliinama tu akaigeuza ile ndoo.

Mlango uligongwa. Alikuwa Dobi.

"Mgeni ameshaondoka," alisema kwa upole ule ule. "Njooni mchukue vitu vyenu, nina nguo za watu za kutandaza."

Walivibeba wote watatu. Dobi alishika upande wa friji uliokuwa mzito. Walipoitua mahali pake Msusi alishindwa kujizuia.

"Kwa nini hukumwambia si vyako?"

Dobi alijipangusa mikono. "Angeniuliza ni vya nani."

"Ungetaja."

"Na binti yako je?" Dobi alisema. "Wangu keshazoea kutembea, dada."

Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli, Msusi angepata pa kushika, wangegombana kidogo, yakaisha. Alisema tu, akaenda zake kutandaza nguo. Mchana wote Msusi hakutokeza uani. Mteja alikuja akaambiwa mikono inauma. Makochi yalikuwa yamerudi, na alishindwa kuyakalia. Aliona haya kuwasha runinga, aliona haya hata kufungua friji anywe maji, kwa sababu upande wa pili wa ubao wangesikia mlango wake ukifunguka.

Asubuhi binti alitoka bila chai na bila kuaga. Msusi alijifunga kitambaa kichwani akaenda ofisi ya posho.

Alijiambia anakwenda kuweka sahihi. Njiani alijiambia labda atamwombea na kijana wa Dobi, kiujanja, bila kutaja mengine. Foleni ilikuwa ndefu na imejaa wazazi, na nusu yao vichwa vyao alivijua kwa kuvisuka. Walimsalimia kwa furaha. Walimtania: kumbe hata wewe na makochi yako umo humu? Alicheka nao, kicheko kikavu.

Mkaguzi alikuwa nyuma ya dirisha la kioo lenye tundu dogo chini. Alipomwona hakutabasamu.

"Binti yako alikuja kabla hatujafungua," alisema. "Ameeleza vile vitu ni vyenu."

Msusi alishika ukingo wa dirisha.

"Amesema mpango ulikuwa wake. Wewe ulikataa, akakulilia mpaka ukakubali. Kwa jirani yako nitarudi leo, kijana wake atapata haki yake, hilo halina tabu. Ila mwanafunzi anayedanganya tunamfuta. Hapati posho mpaka amalize chuo. Hata hili la kusema mwenyewe halimsaidii, sheria ndivyo ilivyo." Alishika kalamu. "Nilikuwa namwandika sasa hivi. Una la kusema?"

Akilini Msusi aliuona ule mkono wa binti wenye alama za vidole vyake, umeshika ukingo huu huu wa dirisha, ukimbebea uongo. Nyuma yake wateja walikuwa wanapiga soga. Aliinama karibu na tundu.

"Si yeye," alinong'ona. "Ni mimi."

"Unasemaje?"

"Ni mimi."

Mkaguzi aligonga kioo kwa kalamu. "Sikusikii, mama. Paza sauti."

Soga nyuma yake zilikatika. Msusi alinyoosha mgongo.

"Nimesema ni mimi!" alisema, na foleni nzima ikasikia. "Vitu vyangu nilivificha kwa jirani yangu asiye na kitu, nikakaa nasikiliza akinyimwa posho kwa sababu ya vitu hivyo. Mwanangu alitaka kwenda kusema ukweli. Nikamkamata mkono, nikamzuia."