Aliyechora Nguo

Hapa Doha, bi harusi wa kwetu akitaka kuchorwa piko mikononi huulizia Mwanamkuu wa mtaa wa Najma. Ndiye mimi, na sifa hizo nilizipokea bila haya. Lakini tangu mwaka jana vidole vyangu vinakufa ganzi. Mimi huanza ua moja tu mbele za watu, kisha namwachia Husna, ninayekaa naye chumba kimoja, eti ajaze. Kujaza gani? Mkono mzima anachora yeye. Watu wanaondoka wakisema mashaallah, Mwanamkuu hana mpinzani.

Jumamosi asubuhi Wesley, Mkenya anayelinda makumbusho, alitualika tukaone picha zilizoletwa kutoka Italia, za miaka mia tano. Wesley amewasikiliza waongozaji mpaka naye kawa mwongozaji. Alitusimamisha mbele ya picha ya mama aliyevaa joho la buluu, akatueleza kwamba bingwa alichora uso na mikono tu. Joho, miti na mawingu walichora wanafunzi wake, na jina likaandikwa lake peke yake. Nikawaka. Nikamwambia hao mabingwa wenu ni wezi wa jasho la watu, dunia inawatukuza bure.

Husna alisogelea picha mpaka Wesley akamwomba arudi nyuma. Alikuwa akitazama mikunjo ya lile joho.

"Na huyu aliyechora nguo," akauliza, "aliitwa nani?"

"Hajulikani," Wesley akasema.

Nyani haoni kundule, lakini siku ile mimi langu nililiona, tena katikati ya makumbusho.

Alasiri tulikuwa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud kwa bi harusi, Riziki. Nikaanza ua langu, Husna akamaliza mikono na miguu. Mama Riziki akawaita wageni waje waone kazi ya Mwanamkuu. Nikisema, jina langu limekwisha. Nikinyamaza, la Husna halitajulikana kamwe.

"Hii kazi ni ya Husna," nikasema. "Vidole vyangu vimekufa ganzi tangu mwaka jana. Zote mlizosifu ni zake."

Mama Riziki alinikazia macho, akauliza kama siku zote hizo nilikuwa nikiwadanganya. Nikakubali.

"Da Mwanamkuu ndiye aliyenifundisha," Husna akasema. "Nilikuja hapa sijui hata kuchora jani. Hakunificha kitu."

Machozi yalinitoka. Nikawafikiria wale mabingwa niliowatukana. Pengine nao walifundisha watu hivyo, na ustadi wao ulikuwa wa kweli. Basi tu, wangewataja wenzao.

Mama Riziki akakaa mbele ya Husna na kumnyooshea kiganja.

"Nichore na mimi, fundi."

Miaka kumi na moja neno hilo lilikuwa langu. Liliniuma, sisemi uongo, lakini nilishukuru mno kuwepo nikalisikia likienda kwa mwenyewe. Nikainuka kumkorogea fundi piko.