Kitinda Mimba wa Jani

Watu wa Igogo wanasema nilimfunga ndugu yangu wa tumbo moja. Waseme. Midomo ni yao, mimi siwezi kuishona. Lakini wengi wanaolisema hawakuwepo barazani siku ile ya mwaka hamsini na tisa, na waliokuwepo hawakuwa na jani mkononi. Mimi nilikuwa nalo. Kwa hiyo leo naeleza mwenyewe, na atakayenikatiza aende akachote maji.

Jina langu Dorotea. Kabla ya Uhuru nilifanya kazi miaka saba kwa mzungu mmoja aliyekuwa akikusanya mimea, kuanzia Ilemela mpaka visiwani. Jina lake lilitushinda, tukamwita Bwana Majani, akalizoea. Yeye alikata matawi, mimi nikayakausha. Unalaza tawi katikati ya magazeti, unaweka mbao juu na chini, unakaza kwa mikanda, na kila siku unabadili magazeti ili lisiote ukungu. Likishakauka unaliandikia kikaratasi chake. Hapo kwenye kikaratasi ndipo tulipogombana.

Bwana Majani alikuwa na maneno yake ya Kilatini, marefu kama treni ya Tabora, lakini alitaka na ya kwetu. "Dorotea, hiki mnakiitaje?" Shina, nikamwambia. Tawi. Kikonyo, kile kijiti kinacholishika jani. Mshipa. Tumba, yaani ua kabla halijafunguka. Hayo yalikuwa mepesi. Halafu akanionyesha jani la aina ile ambayo ni kijiti chenye majani madogo madogo yaliyojipanga huku na huku, kama la mkwaju. Nikakwama. Kwetu ni majani tu, nani ana nafasi ya kuyahesabu? Nikafikiri, nikasema: lile zima ni jani-mama, na yale madogo ni majani-watoto. Akacheka, akaandika. Siku nyingine akaniuliza habari za lile dogo la mwisho, linalosimama peke yake kwenye ncha. "Huyo si kitinda mimba?" nikamwambia. Na jani ambalo halina wa peke yake, ambalo mwishoni lina mawili yanayotazamana, tukasema limeishia kwa mapacha. Daftari lake likajaa maneno yangu, nami nikajiona mtu.

Alikuwa na amri moja, akairudia mpaka nikaichukia. "Usiniambie unachodhani. Niambie unachokiona." Siku moja niliandika kwamba jani fulani limeishia kwa mapacha. Akaniwekea kioo chake cha kukuzia machoni, akanionyesha kwenye ncha kialama kidogo kuliko punje ya ulezi. Lilikuwa kovu. Kitinda mimba alikuwepo, akadondoka gazetini. "Penye kovu palikuwa na kitu," akasema. Nilinuna siku nzima, maana alikuwa amesema kweli.

Sasa nije kwa ndugu yangu. Shimba ndiye kitinda mimba wa mama yetu. Mama alifariki Shimba akiwa hajaota meno, nikamlea mimi, kwa uji wa mtama, mgongoni mwangu, nami mwenyewe bado msichana. Nilimpenda mno, nikamharibu. Hilo nalisema kabla hamjalisema nyie. Akivunja chungu, nilimwambia baba paka amekivunja. Akipoteza mbuzi, nilisema fisi kamchukua. Paka wa nyumba yetu, maskini, alibeba lawama za mtu mzima.

Akakua, akaoa Suzana, akajenga upande wa Ilemela, karibu na ziwa. Alikuwa na mbuzi wachache na mtumbwi mmoja. Siku moja asubuhi mvuvi mwenzake, Chenge, alikuta samaki wanaelea kwenye ghuba ndogo jirani na kwao, matumbo juu, sato na furu, mpaka vile vidogo visivyofika urefu wa kidole. Kila mtu wa ziwani alijua maana yake. Mtu ametia utupa. Majani ya utupa yakipondwa na kutiwa majini samaki hulewa, na ukishavuna wakubwa wako, wadogo wote wamekufa bure. Serikali ilikataza, na wavuvi wenyewe walikataza kabla ya serikali. Chenge akaenda kwenye mtumbwi wa Shimba, akakuta gunia lina matawi ndani.

"Ni chakula cha mbuzi," Shimba akasema.

Na hilo lingeweza kuwa kweli. Kuna kimti kinachoota ufukweni, kwenye matete, chenye maua ya njano, mbuzi wanakipenda sana. Sisi tunakiita mti wa mbuzi basi. Ukiyatupia jicho tu, majani yake na ya utupa utasema ni yale yale. Gunia lenyewe halikuwa na ua wala ganda la mbegu, majani matupu. Tarishi wa mahakama akalibeba gunia akalifungia barazani, na kesi ikapangwa baada ya wiki mbili.

Shimba akaja kwangu Igogo. "Dada, nimewaambia wakuite wewe. Wewe ndiye unayejua majani. Waambie ni ya mbuzi, yaishe."

"Ni ya mbuzi kweli?"

"Sasa dada, na wewe!" Akaniangalia kama nimemtukana, na mimi nikaona aibu kwa kuuliza. Nikamwamini. Wiki mbili nzima niligombana na watu kwa ajili yake. Kisimani nilimwambia mke wa Chenge maneno ambayo siyarudii hapa. Jirani yangu Mastura, ambaye huuza vitumbua na hajui kunong'ona, alinitania: "Dorotea, utamtetea huyo Shimba mpaka mbele ya Mungu, useme dhambi zake zimefanywa na paka." Nikamwambia asage unga wake.

Siku ya kesi baraza lilijaa. Chenge alisimama akapinga. "Mheshimiwa, huyu ni dada yake! Atasema nini?"

Hakimu, mzee mpole mwenye kikohozi, akauliza kama kuna mtu mwingine anayeweza kutofautisha majani makavu. Hakusimama mtu. Bwana Majani alikuwa amekwisha rudi kwao Ulaya. "Basi aapishwe," akasema hakimu. Nikaapa, na wakamwaga gunia mezani mbele yangu.

Majani yalikuwa yamekauka yakajikunja, na mengi yamepukutika yakabaki chenga. Jani la namna hiyo ukilikunjua kwa nguvu linakuvunjikia. Nikaomba bakuli la maji ya vuguvugu. Watu wakacheka, wakadhani nataka kunawa. Tarishi akaleta. Nikachagua jani moja, nikalizamisha, tukasubiri. Taratibu likalainika, likaanza kujifungua lenyewe. Nilikuwa na hamu ya kumwaibisha Chenge, siwafichi. Nikalitoa, nikalilaza kwenye kiganja, nikahesabu majani-watoto jozi kwa jozi mpaka kwenye ncha.

Mwishoni mapacha. Mawili, yanatazamana.

Moyo wangu ukatulia. Mti wa mbuzi ndivyo ulivyo, huishia kwa mapacha. Utupa huwa na kitinda mimba. Nikamwangalia Shimba pale kwenye benchi, akatabasamu kidogo. Nikafungua mdomo.

Na jicho langu, jicho hili la miaka saba, likarudi kwenye ncha. Katikati ya wale mapacha kulikuwa na kovu.

Jamani, mimi nilitamani niwe kipofu. Hakuna mtu mwingine barazani aliyeliona, wala ambaye angelijua hata angeliona. Hakimu akakohoa. "Ndiyo, mama?" Ningesema maneno matatu tu, "Ni ya mbuzi," nikarudi nyumbani na ndugu yangu, tukapika. Nilipofunga macho nilimwona akiwa mgongoni mwangu, analia njaa. Nilipoyafungua nililiona kovu.

"Nahitaji jani jingine," nikasema.

Tabasamu la Shimba likaondoka. Nikazamisha la pili, tukangoja, na sikumwangalia tena. Hili lilifunguka zima. Ncha yake ilikuwa na jani-mtoto moja, limesimama peke yake. Nikaligeuza: chini lilikuwa na nywele laini, zinang'aa kama hariri. Ikabaki kazi moja. Jani-mtoto la utupa ukilishika huku na huku ukalivuta, halikatiki moja kwa moja, linafuata mishipa yake, linaacha ncha kali kama ya mshale. La mti wa mbuzi halifanyi hivyo. Nikashika, nikavuta.

Nikakiinua kile kipande chenye ncha ya mshale ili hakimu akione. Nikamweleza yote: jani-mama, majani-watoto, kitinda mimba kwenye ncha, nywele, mpasuko. Sikusema nilichodhani. Mwishoni akauliza, "Kwa hiyo ni nini?" na sauti yangu ikatoka ndogo, mtu wa nyuma akaniambia nirudie.

"Ni utupa," nikasema.

Shimba akapiga kelele: "Dada!" Neno hilo moja tu. Nimelisikia miaka mingi baadaye, nikiosha vyombo, nikifua. Walimpa miezi sita.

Niliumia, sitaki kujifanya jiwe. Nilipeleka uji jela, ukarudishwa. Nikapeleka tena, ukarudishwa. Suzana alikuwa akinipita njiani amegeuza uso upande wa ziwa. Chenge alikuja kunishukuru, nikamfukuza na mwiko, maana sikufanya kwa ajili yake. Mastura peke yake ndiye aliyekaa na mimi. "Mimi ningesema uongo," akaniambia, "na ningelala usingizi." Nikamwambia hata mimi nilidhani hivyo.

Shimba akatoka, lakini hakunijia. Mwaka ukapita, na wa pili. Siku ya Uhuru mji mzima ulikuwa barabarani, watu wanakumbatiana na wasiowajua. Nilimwona ng'ambo ya barabara, kambeba binti yake mabegani, mtoto anapunga kibendera. Nikapunga mkono. Aliniona, najua aliniona. Akageuka akaingia kwenye watu. Nchi ilikuwa huru, na mimi nilirudi nyumbani nikalala mchana kama mgonjwa.

Halafu mvua zikaja, mnakumbuka zile mvua. Ziwa likapanda na halikushuka. Likala bustani za ufukwe wote, mchicha, matembele, maboga, vyote vikawa chini ya maji. Watu wa kule kwa Shimba wakaanza kuchuma kila kilichoota kwenye ukingo mpya wa ziwa, na kulikuwa na minong'ono ya nyumba fulani iliyokula mboga ya porini ikashikwa na wazimu siku mbili.

Ilikuwa saa nne asubuhi, ninaanika mtama. Kivuli kikanifikia miguuni.

"Shikamoo, dada."

Mikono yangu ikasimama kwenye mtama. Nikaitika marahaba, na sijui niliitikaje. Shimba alikuwa amekonda, mvi mbili tatu zimeanza, kitinda mimba wangu. Suzana alisimama nyuma yake kwenye mlango wa ua, kamshika yule binti mkono. Shimba akaweka kikapu chini. Kilikuwa kimejaa mboga.

"Suzana amechuma ukingoni. Watoto hawajala mboga wiki nzima," akasema. "Watu watatu wameniambia ni mnavu, inaliwa."

"Sasa kama watu watatu wamekwambia," nikasema, kwa hasira yote ya miaka miwili na nusu, "umenifuata mimi ya nini? Kawaulize hao."

Akachuchumaa, akawa anachezea mpini wa kikapu kama alivyofanya utotoni akiwa na kosa.

"Wale ni marafiki zangu, watasema la kunifurahisha," akasema. "Wewe ulinifunga, dada. Wewe ukisema inaliwa, wanangu watakula."

Nililia. Nililia mbele yao wote bila kujifunika, na Mastura kule kwake akaacha vitumbua vikaungua, akachungulia. Kisha nikajifuta kwa kanga, nikatandika mkeka, nikamwaga kikapu kizima juu yake.

Tulikaa pale mpaka jua likafika utosini. Nilipitia shina kwa shina. Ulikuwa mnavu kweli, viua vyake vyeupe, vidogo, vina njano katikati. Lakini nilipofika chini nilishika jani ambalo halikukaa sawa. Upande wake mmoja ulianza juu kwenye kikonyo, upande wa pili ukaanza chini. Nikalinusa. Mnanaha mchanga, ule unaotia watu wazimu. Nikaliweka kando. Nikapata la pili, na la tatu. Shimba aliyatazama yale majani matatu, kisha akamtazama binti yake.

Nikapitia yote upya tangu mwanzo, maana penye matatu pangeweza kuwa na la nne. Halafu nikarudisha mnavu kikapuni, nikamsukumia.

Hakuniuliza kama nina hakika. Alikibeba mpaka pale aliposimama mkewe, akamwekea mikononi.

"Washa moto hapa hapa, upike," akamwambia. "Dada ameangalia."