Pikipiki ya Baba Mkwe Haijabeua

Usiku wa kuamkia leo niliota pikipiki ya baba mkwe imenigeuzia mgongo na kunisalimia kwa heshima zote.

"Ugonile, mkamwana," ikasema. "Samahani, siwezi kukutazama."

"Ndaga, baba," nikaitikia, nimeinamisha kichwa.

Kwetu Unyakyusa, kwa watu wa zamani, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala hamtaji jina. Hata hapa silitaji. Alikuwa bwana mifugo, akazunguka na pikipiki hiyo vijiji vyote vya Rungwe mpaka alipostaafu, ndipo akampa mwanawe Gwakisa, mume wangu. Kwa hiyo sikushangaa kuona imeshika adabu za mwenyewe. Vioo vyake ilikuwa imevikunja, kama mtu aliyefumba macho.

Ni pikipiki ya kizamani, haina mnyororo. Tairi la nyuma linazungushwa na shafti, chuma kirefu kilichofichwa ndani ya bomba, na mwisho wa shafti kuna difu, kama ya gari ila ndogo, kiasi cha sufuria ya uji wa mtoto. Hiyo difu ndiyo imetutoa jasho. Inavuja oili, oili inatambaa mpaka kwenye tairi, na kwa kona zetu hizi na mvua ya Tukuyu, tairi lenye oili si la kumbebea mtu. Fundi Ambakisye ameshabadilisha sili mara mbili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Bado inavuja. Jana Gwakisa akasema basi, kukipambazuka anampigia mnunuzi wa chuma chakavu. Alisema huku anaangalia ukutani. Anajua kwamba hiyo pikipiki ndiyo inayonipeleka masomo ya jioni mjini na kunirudisha kwa mtoto. Ikienda, na mimi nimeacha shule tena.

Nililala na hayo kichwani.

"Unaumwa wapi, baba?" nikaiuliza pikipiki.

"Mkamwana hamuulizi mkwewe anaumwa wapi," ikasema. "Nipeleke kliniki."

Tupo kliniki. Sijui tumefikaje. Akina mama wamekaa kwenye mabenchi na watoto wao, na mimi nimeibeba pikipiki mgongoni kwa kitenge, magurudumu yananing'inia huku na huku. Si nzito. Mama mmoja ananiambia mtoto wangu kafanana na baba yake. Namwambia asante.

Nesi anaitundika kwenye mzani, ndani ya ile suruali ya kupimia watoto. Usukani unatokea mguu wa kushoto.

"Ana umri gani huyu?"

"Amezaliwa kabla ya mume wangu."

"Na bado anatokwa udenda?" Nesi anapitisha kidole chini ya difu, ananusa, anakunja pua. "Unamlisha nini?"

"Oili ya gia."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye mdomo wa tundu la kujazia, kama fundi alivyosema."

"Vizuri. Akishashiba unambeulisha?"

Nikatikisa kichwa. Mabenchi yote yakaguna.

"Mama Subi!" Nesi akashika kiuno. "Subilaga wako akinyonya tu unamweka begani, unampigapiga mpaka abeue. Huyu unamlaza hivihivi na tumbo limejaa hewa? Haya, mweke begani."

"Nesi, huyu ni baba mkwe."

"Ukoo mmeuacha getini. Hapa kuna wagonjwa."

Nikaiweka begani. Ilikuwa inatetemeka kwa aibu, na mimi vilevile.

"Fumba macho, mkamwana."

"Nimefumba, baba."

Nikaipigapiga mgongoni kama ninavyompiga mwanangu, taratibu, kwa kiganja kilichojikunja. Wapi! Badala ya kubeua ikanidondoshea tone la oili kwenye kola.

"Haitoki," ikasema kwa huzuni. "Inapanda, inafika dirishani, inarudi."

"Dirisha lipi?"

"Ingia utazame. Mimi kukuonyesha siwezi, ni mwilini."

Basi nikaingia. Ndani ya difu ni darasa letu la jioni. Gia kubwa kakaa dawati la mbele, gia ndogo kakaa nyuma anapiga soga. Oili imewafika kifuani, na wote wameinua mikono juu wasilowe mashati. Joto haliambiliki. Mlangoni amesimama Sili, bawabu mnene mwenye mdomo mpana wa mpira, ameziba mlango kwa mwili wake wote, na bado oili inampenya kwapani.

"Kumbe wewe ndiye unayetuvujishia," nikamwambia.

"Dada, mimi ni wa tatu hapa," akasema, jasho linamtiririka. "Wenzangu wawili mmewafukuza kazi. Kosa lao lipi? Tuliajiriwa kuzuia oili iliyotulia. Hii inasukumwa! Hebu angalia nyuma yake kuna nani."

Nyuma ya oili kulikuwa na Hewa. Alikuwa mama mkubwa, mpole, anazidi kunenepa nikimtazama. Kila akinenepa anaisogeza oili mlangoni, na kila akiisogeza anasema samahani.

Mwalimu Tusekile wa fizikia akagonga ubao.

"Hewa ikipata joto hufanyaje?"

"Hutanukaaa!" darasa zima.

"Ikitanuka huenda wapi?"

Gia kubwa akakohoa. "Mwalimu, hapo inategemea nyumba ina dirisha au haina."

"Mama Subi. Dirisha liko wapi?"

Mimi nilikuwa nimekariri hutanuka tu. Cha dirisha hatujawahi kuulizwa. Nikatazama juu. Kwenye dari kuna kitundu, chembamba kama cha kupitishia uzi, na ndani yake kuna kitu cheupe. Napanda kwenye dawati. Gia ndogo ananishika miguu, ananitania eti nisimwangukie, yeye ana meno ya kurithi. Nanusa.

Sabuni ya mche. Ileile ninayofulia nepi.

"Nani kaziba?" nikauliza.

Sauti ya pikipiki ikatoka ukutani. "Mwanangu. Siku ile anatoka Kiwira peke yake, aliona hapo panalia oili kidogo. Akasimama, akafinyanga sabuni, akaniziba kama wanavyoziba tangi la petroli. Halafu akanipangusa kwa shati lake. Usimgombeze, mkamwana. Alinipangusa vizuri sana."

"Simgombezi, baba."

"Na kazi yake ni imara. Haijatoka hata chembe."

Nikachomoa pini ya nepi kifuani mwangu, nikachokoa.

Ikabeua. Ikabeua kwa kirefu, bila haya, kama mzee aliyemaliza sahani ya ndizi na maziwa mgando, mpaka madirisha ya kliniki yakatikisika huko nje. Mama Hewa akapungua, akatoka kwa kitundu akiaga mmoja mmoja. Oili ikatulia. Sili akauachia mlango, akajinyoosha vidole, akaketi kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Tuendelee," akasema Mwalimu Tusekile. "Ukurasa unaofuata."

Nikaamka. Kumepambazuka, mvua inapiga bati, na Subilaga ananyonya bila kunisubiri. Gwakisa ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, anatafuta namba.

"Baba Subi," nikasema, "ile sabuni uliyozibia kitundu cha juu ya difu, siku ile unatoka Kiwira. Pale ndipo inapopumulia. Imekosa pa kutolea hewa, ndiyo maana inasukuma oili kwenye sili."

Kidole chake kikabaki juu ya simu. Akageuka, akanitazama, akamtazama mtoto, akanitazama tena.

"Nani kakwambia?" akauliza. "Barabara nzima hapakuwa na mtu."

Kisha akaizima simu, akaanza kutafuta viatu.